Mtu Aliyetoa Namba ya Guyo

Akiru, mama,

Salamu nitaziruka, maana umetoka hapa kibandani sasa hivi kuniletea chai na tumesalimiana vya kutosha. Mambo ya blanketi, sabuni, dawa ya tumbo na nani wa kumwona ukifika Nakuru, mama yako amekuambia hadi umeanza kumwiga sauti. Mimi hayo simo. Nina jambo moja tu. Limenikaa kifuani miaka mitatu, na kesho asubuhi unaondoka.

Stima imepotea mtaa wote wa Bulla Pesa tangu saa nane. Geti la watu limelala hapa nusunusu, siwezi kuchomelea, kwa hiyo leo siwezi kusingizia kazi. Nimechana karatasi katikati ya daftari la vipimo. Shule unajua niliiachia kidato cha pili, lakini nilipokuwa kijana kule Gotu, mwandishi wa barua za watu alikuwa mimi. Nimewaandikia wake waliotaka waume zao warudi, nimewaandikia wanaume waliowakosea wakwe zao. Barua za kuomba msamaha nilikuwa naziandika hadi anayesomewa analia, kwa sababu kosa lilikuwa la mtu mwingine. Hii yangu nimeianza mara tatu.

Basi wacha niseme. Mtu aliyetoa namba ya Guyo kwa askari ni mimi.

Soma tena kama hujaamini. Umekuwa ukifikiria ni wale majirani zao wa Kulamawe waliogombana na baba yake, na mimi nikakuacha ufikirie hivyo. Ni mimi. Nilitoa namba, nikatoa jina, nikaeleza na duka la baba yake lilipo. Mama yako mwenyewe hajui. Yeye nitamwambia ukishamaliza kusoma. Nimeona afadhali ujue ukiwa bado nyumbani, unikasirikie hapa hapa, kuliko uje usikie kwa mtu mwingine ukiwa mbali. Ukitaka kesho uondoke bila kunishika mkono, una haki. Lakini ninaomba uisome mpaka mwisho. Huko unakoenda gemu ndiyo itakuwa kazi yako, na mimi ninaogopa kitu kimoja: kwamba siku ukipata shida utakaa nayo peke yako, kama ulivyokaa nayo mara ya kwanza kwa sababu yangu.

Ile simu nilikununulia mimi mwenyewe, ya masomo, ukiingia kidato cha tatu. Ukaanza kucheza. Mimi nilijua gemu ni ile ya zamani ya nyoka anayekula vidoti kwa simu ya kubonyeza. Sikujua kwamba ndani ya simu yako kulikuwa na watu wanaoongea, wanaopangana, wanaocheka, mmoja yuko Garissa, mwingine Marsabit, na mwingine amekaa nyuma ya duka Kulamawe mahali ambapo netiwaki inashika. Nilikuona tu umevaa zile waya za masikio likizo nzima, nikasema huyu msichana amekuwa mvivu.

Kuhusu ndugu yangu Ewoi hujawahi kuniuliza sana, na mimi sijawahi kukueleza vizuri. Nilikuwa na miaka tisa. Mbuzi wetu walikuwa wamelala karibu na mto, na Ewoi na vijana wengine wawili walikuwa wanawalinda. Wavamizi walikuja alfajiri. Mbuzi wakaenda, na Ewoi tukamkuta hapo kwa mchanga. Sasa sikiliza kitu ambacho mtu wa mahali pengine hawezi kukielewa. Baada ya kumzika, wazee hawakuongea sana juu ya waliokuja. Waliongea juu ya aliyewaambia. Kwetu Waturkana iliaminika hivyo, na nadhani kwa Waborana wa kina Guyo pia: wavamizi hawaji kipofu, kuna mtu ameangalia, amejua mifugo imelala wapi na vijana ni wangapi, akapeleka habari. Sisi watoto tulikua tukimtafuta huyo mtu. Tulimtafuta shuleni, sokoni, hata kanisani. Mgeni akiniuliza tu malisho yako upande gani mwaka huu, hadi leo nywele za shingo zinasimama.

Na sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umsimamishe nje ya dirisha la binti yake.

Ilikuwa wiki ile ambayo mji ulikuwa unanong'ona kwamba kuna mifugo imechukuliwa huko mbele ya Ngare Mara. Nilirudi nyumbani mchana kuchukua rodi za kuchomelea nilizosahau. Dirisha lako lilikuwa wazi na wewe ulikuwa unaongea kwa sauti ya chini, ya mtu anayejificha.

"Guyo, wako watatu. Wawili wako kwa mto, mmoja ako juu ya mawe. Hawajatuona. Ngoja, ngoja kwanza watulie. Tuingie na nyuma. Usiache hata mmoja."

Akiru, nielewe. Guyo ni jina la Kiborana, na mto kwangu ni mto mmoja tu. Nilisimama pale na rodi mkononi nikisikiliza mtoto wangu wa kumzaa akimwelekeza Mborana watu walipo. Halafu ukacheka! Ukasema, "Tumewamaliza, hao walikuwa wamelala kabisa." Nikasema moyoni, yule mtu niliyemtafuta tangu nikiwa na miaka tisa, kumbe ninamlisha mwenyewe.

Mzazi mwenye akili angesukuma mlango akauliza, "Unaongea na nani?" Ungenionyesha kioo cha simu, ningeona vikatuni vinakimbia na bunduki kubwa kuliko wao, tungecheka, na barua hii isingekuwako. Nimejiuliza miaka mitatu kwa nini sikuuliza. Nafikiri niliogopa jibu. Na nikiwa mkweli kabisa, jina lile lilinitosha. Ungesema "John, wako watatu," ningeingia. Uliposema Guyo, sikuona haja ya kuuliza. Hiyo ndiyo sehemu inayoniaibisha kuliko zote. Nimekaa na Waborana mji huu maisha yangu yote, nimewachomelea milango, nimekula kwao Idd, halafu siku moja jina tu linanifanya niwe mtoto wa miaka tisa tena.

Ulipoenda kuoga niliichukua simu yako. Namba yake ulikuwa umeiweka na picha ya simba, na chini yake umeandika "duka la Boru, Kulamawe". Nikaiandika kwenye kiganja na ile chaki yangu ya kuwekea alama vyuma, nikafunga ngumi ili isifutike, nikatembea hivyo ngumi imefungwa mpaka kwa askari mmoja ninayemfahamu, ambaye sitamtaja. Nikamwambia yote niliyosikia. Na mengine nikaongeza chumvi.

Askari walimchukua Guyo dukani, baba yake Mzee Boru akiwa anampimia mteja sukari. Walikaa naye siku tatu. Siku ya tatu mmoja wao, ambaye mtoto wake pia anacheza, akaifungua ile simu vizuri, akaona. Yule mtu wangu akanipigia akicheka hadi anakohoa. "Fundi! Huo mto wako uko ndani ya gemu! Hao watu watatu hata hawajazaliwa!"

Na mimi nikacheka. Nilikuwa hapa hapa nilipokaa, nikacheka naye, nikasema, "Aki hawa watoto!" Nikakata simu nikaendelea na kazi. Kijana wa watu amerudi kwao bila simu, sikio la kulia limevimba, na mimi nimecheka. Mzee Boru aliogopa wasije wakarudi, akampeleka fora, kule mbali wanakokaa na ngamia, ambako hakuna wa kumuuliza mtu maswali. Muhula mzima hakwenda shule. Mtihani wa kidato cha nne akaufanya mwaka uliofuata, pamoja na waliokuwa darasa moja nyuma yake.

Simu yako unajua nilivyoifanya. Jioni ile ile niliyotoka kutoa namba niliiweka juu ya chuma changu cha kugongea, nikapiga nyundo mara moja. Hukulia. Ulisema tu, "Baba, si ungeniuliza?" Nikadhani ni kiburi. Nikakuambia gemu imekuharibia alama, na kwamba nyumba yangu siyo ya michezo ya shetani. Kisha nilipojua ukweli nilikuwa na siku, wiki, miezi ya kurudi kwako niseme nilikosea. Badala yake nikajificha kanisani. Jumapili moja mchungaji akagusia watoto na simu, na mimi nikaitikia "Amina!" hadi watu wa mbele wakageuka. Mama yako alinipiga kiwiko akifikiri nimelewa.

Haya yanayofuata mengi niliyajua baadaye, kwa mama yako, kwa hiyo utanisahihisha.

Mlikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiingia kwa michezo yenu, mkimwita Kocha. Sauti ya mtu mzima, mpole, anajua kusifu. Aliwapa zile zawadi za gemu, nguo za kumetameta na bunduki za rangi ambazo watu hununua. Alisema anatafutia timu kubwa wachezaji, na kwamba wasichana wanaocheza kama wewe hawapatikani. Mama yako aliniambia Guyo alimshuku mapema. Aliwaambia, "Huyu hachezi. Anataka kuongea tu." Na mradi Guyo alikuwako, Kocha hakupata nafasi, kwa sababu mlikuwa mnaingia pamoja na kutoka pamoja.

Halafu nikawavunjia timu. Guyo yuko kwa ngamia, wale wengine wametawanyika, wewe unaazima simu ya rafiki yako wa shule na kucheza peke yako kwa kujificha. Kocha akakukuta hapo. Akakuuliza mbona siku hizi uko peke yako. Ulikuwa na hasira na mimi, na yeye alikuwa na wakati wa kukusikiliza, wakati ambao mimi sikuwa nao. Akaomba picha, ya kupeleka kwa timu. Kisha akaomba nyingine. Kisha akasema wazazi wa huko kwenu hawataelewa, usiwaambie, hii iwe yetu. Kisha akakutumia nauli uende Nanyuki, mkutane kwenye nyumba moja ya wageni, ati kuna majaribio.

Ulikuja kuniambia. Hilo ndilo linanivunja. Ulikuja hapa, siku ya Jumanne, nilikuwa nachomelea vitanda vya bweni na vilikuwa vinatakiwa siku hiyo hiyo. Ulisimama hapo kwa mlango. Ukasema, "Baba, kuna mtu kwa gemu ananii..."

Hata miwani sikuvua. Nikasema, "Wee! Neno hilo lisitajwe hapa. Simu nimevunja moja, nitavunja na ya pili."

Ukasema, "Haya, Baba." Nikasikia malapa yako yakiondoka.

Nimeirudia hiyo siku kichwani mara nyingi kuliko siku ya Ewoi. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa umefanya kila kitu ambacho watu wanawahimiza watoto wafanye: ukiona jambo si sawa, mwambie mzazi. Uliniambia. Mimi ndiye sikuwa mzazi wa kuambiwa.

Aliyekuokoa unamjua. Guyo alikuwa amerudi dukani kuchukua unga na majani ya chai ya fora, akaazima simu ya baba yake, akakutafuta kupitia yule rafiki yako. Ukamwambia kesho unaenda majaribio. Akakuambia usiende, ukamkasirikia, ukakata. Basi akatafuta namba ya mama yako, ambayo siku moja ulikuwa umeitumia kupiga simu hiyo ya baba yake. Mama yako alikuwa sokoni anafunga miraa. Ananiigizia hiyo simu hadi leo: "Mama, salaam aleikum. Hunijui. Mimi ni Guyo wa Kulamawe, nacheza na Akiru. Tafadhali, kesho asipande gari. Kuna mtu anamdanganya."

Na mama yako, unamjua huyo Mmeru wako, aliacha miraa na majani ya ndizi hapo hapo, akaja akaweka kigoda katikati ya mlango akakaa na kile kisu chake cha kukatia miraa. Hakupiga kelele. Alikuuliza, "Ni nani huyo?" na ukamwambia yote, githeri ikaungua jikoni. Ile namba ya Kocha aliipeleka panapofaa. Ilikuwa imezimwa tayari, na mpaka leo hatujui alikuwa nani.

Niliporudi akaniambia, "Kuna kijana Mborana wa Kulamawe, Guyo, ndiye ametuokolea mtoto." Nilisema Mungu ambariki. Kisha nikaenda chooni nikasimama huko, sina haja ya choo, mpaka mama yako akagonga mlango kuuliza kama tumbo linaniuma.

Ningemwambia hapo hapo. Sikumwambia. Nikajiambia mambo yametulia, nisiyachokonoe. Mwaka ukapita. Mama yako akakununulia simu nyingine bila kuniuliza, na mimi nikanyamaza, nikijifanya baba mpole. Uliniona nimebadilika, ukaniambia, "Baba siku hizi umekuwa mtu wa kuongeleka." Ulifikiri ni umri. Ilikuwa aibu tu, mama. Mtu mwenye aibu huwa mpole sana.

Sasa nikueleze siku niliyokuja ukumbi wa vijana. Nilikuwa nimesikia tu kwamba unatangaza mechi za gemu. Kwamba ulipokosa bando la kucheza ulianza kuwatangazia wenzako wakicheza, kama mpira wa redioni, na watu wakapenda. Nilikuja na ovaroli yangu nikasimama nyuma. Wale watoto! Mturkana amekaa paja kwa paja na Mborana, Msomali amemshika Msamburu bega, Wameru wanapiga meza. Na wewe mbele na maiki, "Ameanguka! Ameanguka jamani, nani anamwinua? Anatambaa, anaita wenzake... aaah, mtu wa Merti amerudi! Anarudi kwa moto kumwinua mtu wa Ngare Mara! Huyu ana roho au ana wazimu?" Ukumbi ukalipuka, maana Merti ni kwa Waborana na Ngare Mara ni kwetu. Nilikuwa sijui kwamba hiyo gemu mtu akiangushwa, mwenzake anaweza kurudi kumwinua. Nilidhani ni kuua tu. Karibu yangu kulikuwa na mama mmoja wa Kisomali, akaniuliza, "Huyo msichana ni wa nani?" Nikasema ni wangu. Nikarudia, asikie vizuri.

Ndipo mtu akanigusa bega, akaniwekea kiti. Kijana mrefu, mtaratibu. "Salaam aleikum, baba Akiru. Kaa hapa, utachoka."

Nikamwuliza jina, ingawa nilishajua. Hakunisikia vizuri kwa ile kelele. Akageuza kichwa, akaniletea sikio la kushoto. "La kulia halishiki vizuri," akasema, akitabasamu kama mtu anayeomba radhi. Akiru, nilikaa kwenye kiti alichoniletea. Nilikaa mpaka mwisho, kwa sababu kuondoka pia ningeonekana. Hujawahi kuona mtu akikaa kwenye kiti kwa shida hivyo.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiambia nitasema wiki ijayo. Halafu hawa watu wa Nakuru wakasikia sauti yako, wakakutaka uende uwatangazie mashindano yao na ujifunze kuyaandaa. Mama yako akaenda mwenyewe, akakagua ofisi, vyumba vya wasichana, hadi jikoni, akarudi akasema sufuria zao ni safi na mkubwa wao ni mama mwenye heshima. Basi nikaona wiki zijazo zimeisha.

Sitakuambia usiongee na watu usiowajua. Kazi yako ndiyo hiyo, kuongea na watu usiowajua, na ningekukataza zamani hungempata Guyo. Guyo alikuwa mgeni kwako na Kocha alikuwa mgeni. Wote wawili walikuwa sauti tu kwa sikio. Nimefikiria sana tofauti yao, na ninayoiona ni hii: Guyo hakuwahi kukuambia umfiche mtu jambo. Mwenzake, hilo ndilo lilikuwa ombi lake kubwa. Nilipofika hapo kwa kufikiria, nikaona nimekaa upande gani. Kwa miaka mitatu nami nimekuwa mtu wa nyumbani mwako anayekuficha. Sikukuomba picha, lakini nilikuacha uwakasirikie watu wasiohusika, nikanywa chai yako.

Leo asubuhi nilimpigia Mzee Boru. Namba nimeitoa kwa mama yako, ambaye humtumia salamu kila Idd. Nilipojitambulisha alifurahi. "Aa! Baba ya mtangazaji!" Ilinichoma. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, maana ningesimama nisingeendelea.

Nikasikia mteja anaitisha sukari, naye akamwambia angoje nje.

"Mimi nilijua kuna mtu," akasema. "Miaka mitatu, kila mtu akiingia duka yangu nauliza roho, ni huyu? Jirani yangu nimemnyima salamu. Nimemnyima maji ya tangi. Nilisema ni yeye."

Nilimjua huyo mzee anayeongea. Nimekuwa yeye tangu utotoni, namtafuta aliyepeleka habari. Na safari hii aliyepeleka habari ni mimi, na kuna mtu asiye na kosa amenyimwa maji kwa ajili yangu.

"Msichana anajua?" akauliza.

"Bado."

"Mwambie huyo kwanza. Asiende safari na uongo. Halafu kuja hapa, umwambie Guyo mwenyewe. Mimi simwambii. Hiyo mzigo ni yako."

Nikamwuliza, kwa ujinga wangu, kama atanisamehe.

"Mimi sijui ya Guyo," akasema. "Hata yangu sijui. Lakini kuja. Na ukitoka hapa tutaenda wawili kwa yule jirani."

Naenda Jumamosi, peke yangu. Mama yako anajua tu kwamba naenda kumsalimu Mzee Boru; nimemwomba asifunge zawadi yoyote, sitaki kuonekana nimekwenda kununua kitu. Sijui nitasema nini. Za watu wengine nilikuwa naziandika vizuri, hii nitaenda kuisema na mdomo wangu, mbele ya sikio lile.

Kwako wewe ninaomba kitu kidogo, na hata hicho unaweza kukikataa. Huko Nakuru utakutana na wazuri wengi, na wengine wabaya wenye sauti nzuri. Utakosea pia, kama mimi, labda kwa kumwamini mtu, labda kwa kumshuku. Siku hiyo usikae ukipima nitasema nini. Usingoje uwe umepata maneno mazuri. Nikiwa kazini, nitavua miwani. Nikipandisha hasira, ngoja ishuke, kisha useme tena, usiondoke mlangoni.

Kesho nitabeba sanduku lako mpaka kwa gari, uniongeleshe usiniongeleshe. Na siku ukibanwa huko, piga simu. Ningependa uwe unanipigia mimi. Lakini ukiona mkono unakataa, mpigie Guyo, na mimi sitakuuliza kwa nini.

Ni mimi aliyekukosea,

Baba yako, Ekal